Mbegu Nyekundu ya Lukresia

Haya nilielezwa na Lukresia mwenyewe, mke wa Mboje wa Ngulyati, mwaka juzi mwezi wa nane, tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali pale Somanda tukingoja majina yetu yaitwe. Yeye alikuja kwa ajili ya macho, mimi kwa ajili ya goti. Watu walikuwa wengi na daktari mmoja, kwa hiyo alinieleza yote, na palipokuwa na aibu hakuparuka.

Mambo yenyewe ni ya mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Biashara ilikuwa imekwisha kuachiwa huru. Zamani mahindi yetu yalinunuliwa na ushirika, na mwenye kupungukiwa mbegu alikwenda huko huko kwenye ushirika. Sasa ghala la ushirika lilikuwa na popo tu. Malori ya watu binafsi yalifika mpaka uani, mwenye lori anashuka na mizani yake, analipa papo hapo. Mbegu nazo zikahamia madukani Bariadi, kwenye pakiti za kilo mbili, punje zimepakwa dawa nyekundu, na juu ya pakiti pamechorwa fuvu la kichwa.

Kabla ya hapo kila jiko lilikuwa na kichanja juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu yanafungwa mawili mawili kwa maganda yake, yananing'inia pale, moshi unayapiga mpaka mdudu anayakimbia. Ukiingia kwa mtu ulitazama juu kwanza, ukajua unazungumza na nani. Malori yalipozoeleka, vichanja vikabaki na masizi. Mtu anasema, ya nini kuning'iniza mahindi miezi mitano? Nauza yote, nikitaka mbegu nitanunua. Na ile fedha ya mbegu, ikifika mwezi wa kumi na moja, imekwisha kuwa baiskeli.

Kwa Mboje ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka uliotangulia Lukresia alitenga mbegu yake vizuri, lori likaja, Mboje akapanda juu ya mafiga akayashusha yote. "Tutanunua pakiti," alisema. "Siku hizi nani anapanda mahindi yenye masizi?" Mvua ikanyesha na pakiti haikuonekana. Lukresia akazunguka kijiji na bakuli, huku akipewa vikonzi viwili, kule kimoja, punje za kila namna, nyingine zina tundu la dumuzi. Alipanda hayo. Yaliota kama meno ya mzee, moja hapa, jingine kule mbali. Mwaka huo walikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikakaushwa, mpaka mtoto wao Shida akawa akiona sufuria inafunikuliwa analia.

Kwa hiyo Lukresia alisema moyoni, safari hii debe langu la mbegu litafika shambani, hata ikibidi niidanganye nyumba nzima.

Basi sikiliza alivyofanya. Alichagua mahindi yangali shambani, yale yenye bua nene na gunzi lililojaa mpaka ncha. Akayakausha, akayapukuchua kwa kidole gumba, punje za katikati tu, za kichwani na za mkiani akazipeleka kwenye chakula. Halafu akangoja siku ambayo Mboje amekwenda mnadani na mama mkwe wake, bibi Kabula, amekwenda matangani. Akachemsha rozela, ile choya nyekundu ya kando ya kisima, akaichemsha mpaka ikawa nzito. Akaiacha ipoe, akachovya mahindi kwa ungo, kuingia na kutoka, akayaanika juani. Jioni yalikuwa mekundu kama yametoka dukani. Akaponda majani ya mwarobaini akayachanganya gunia zima lipate harufu chungu.

Mboje aliporudi akamwambia, "Baba Shida, nimeuza karanga zangu, nimenunua mbegu Bariadi. Ile pale. Msiiguse, ina dawa."

Mboje akafungua gunia, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mke wangu umeendelea," akasema. "Umenunua kwa nani?"

"Kwa Novatus," akasema, akimtaja yule mwenye duka la mbegu Bariadi na lori la kununulia mahindi.

Bibi Kabula alikuwa ameketi mlangoni anachambua choroko. Hakuinua uso. Akauliza, "Pakiti ziko wapi?"

"Nimezichoma, mayu. Zina sumu zile."

"Umezichoma."

"Ndiyo, mayu," akajibu; mayu kwetu ni mama.

Kabula akaendelea na choroko zake. Lukresia aliniambia kwamba pale pale alijua amekosea, ila hakujua amekosea wapi.

Kosa lilikuwa hili. Kabula hakuwahi kuiamini mbegu ya rangi. Alisikia kwamba kuna watu upande wa Maswa walioosha mbegu kama hiyo wakaisaga kwa njaa, wakapelekwa hospitali wakiwa wamelala kwenye mkokoteni. Na Lukresia ni mtu wa Maswa, kwao ni Nyalikungu. Mwezi huo huo walikuwa wametupiana maneno kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe mmoja. Sasa bibi akaunganisha. Mkamwana ananunua sumu debe zima, halafu anachoma karatasi zenye jina la sumu hiyo. Mtu wa namna hiyo ana mpango.

Kabula akaanza kuchelewa kula. Ugali ukiwekwa, ananawa mikono taratibu, anatafuta ugoro, anamwita mbwa asiye na haja ya kuitwa, mpaka Lukresia ameze tonge mbili ndipo na yeye anyooshe mkono. Baada ya siku chache akaacha kabisa. Akawasha moto nyumbani kwake, akachemsha michembe kwenye chungu chake, na akamwita Shida akale huko.

"Mayu, mbona huji kula?" Lukresia akamuuliza.

"Tumbo langu limezeeka. Linataka vitu vya zamani."

"Na Shida naye tumbo limezeeka?"

"Shida ni mjukuu wangu. Kwenu Maswa bibi hamwiti mjukuu?"

Lukresia akarudi jikoni kwake. Na yeye alikuwa na shaka zake. Alidhani bibi ameigundua siri ya gunia na sasa anamtenga mtoto ili amjaze maneno. Kila akitoka kwenda kuteka maji alifunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, mafundo matatu, na akirudi anahesabu mafundo.

Siku moja akakuta mafundo mawili.

Alikuwa ni Kabula. Alichota kiganja kimoja cha punje nyekundu, akampelekea kuku wake mwenye shingo wazi, jike aliyekwisha kuacha kutaga. Kuku akala zote akatafuta nyingine. Kabula akakaa akamtazama siku ile, na ya pili. Siku ya tatu kuku akasinzia, akaharisha kijani, shingo ikapinda, akafa. Laiti bibi angengoja wiki moja tu, angeona kuku wa Ngulyati nzima wanakufa hivyo hivyo, maana kideri kilikuwa kimeingia. Lakini wa kwake alitangulia, na bibi hakuwa na haja ya kungoja. Alikuwa ameshapata alichokuwa akikitafuta.

Asubuhi hiyo ndiyo alifika Josia, bwana shamba, na baiskeli yake na makaratasi.

"Mwangaluka," akasalimu.

"Mwangaluka," wakaitikia, wakamletea kigoda.

Josia alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. Karatasi yake ilikuwa na vyumba vinne, mahindi mliyovuna, mliyouza, ya kula, ya mbegu. Wizara inataka kujua nchi nzima imetenga mahindi kiasi gani ya mbegu, akasema, kwa sababu inaonekana yanapungua kila mwaka na hakuna anayejua yamekwenda wapi.

"Yamekwenda kwenye lori," Mboje akasema. "Andika hivyo."

"Hapo kwenye mbegu niandike sifuri? Nyumba ishirini na sita nimeandika sifuri."

"Sisi tumenunua ya dukani," Mboje akajibu, akamtazama mkewe. "Au siyo, mama Shida?"

Lukresia akasema ni kweli. Alisikia namna mumewe alivyouliza, akaweka chini kata aliyokuwa ameishika.

Hapo Kabula akaja kutoka nyumbani kwake ameshika kitu miguu juu. Akakiweka mbele ya mwanawe. Ni yule kuku.

"Huyu alikula mbegu ya mkeo," akasema. "Punje kumi na tano. Nimemtazama siku tatu. Sasa mwulize mkeo debe zima analiwekea nani."

Josia akafunga kalamu yake.

"Mayu," Lukresia akasema, "mbegu ni ya kupanda."

"Pakiti umechoma kwa nini?"

"Nilikuambia."

"Ngoja, mama," Mboje akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Lukresia aliniambia hiyo ndiyo ilimtisha kuliko kuku. "Mnadani nilimwona Novatus. Ni wiki mbili sasa. Nikamshukuru kwa kumuuzia mke wangu mbegu nzuri. Akanicheka. Akasema mkeo sijamwona tangu kiangazi. Nimekaa kimya nikasema nitazame. Sasa nakuuliza mbele ya mgeni. Siku ile ulikwenda Bariadi kwa nani? Nani alikupa debe zima la mbegu, na ulimpa nini?"

Josia naye alikuwa amelifungua gunia lililokuwa pale mlangoni, akaingiza mkono. Akatoa punje, akazisugua kwa kitambaa chake, akazitazama kwenye mwanga. "Hii haijatoka kiwandani," akasema. "Punje za kiwandani zinapimwa kwa chekeche, zinalingana. Hizi ni za mkono. Mama, kuna watu wilaya hii wanapaka mahindi rangi wanawauzia wenzao kuwa ni mbegu. Tumeambiwa tukikuta tuchukue, tukachome ofisini."

Lukresia akaniambia, dada, hebu fikiri. Mama mkwe anasema mimi muuaji. Mume anasema mimi malaya. Serikali inasema mimi tapeli. Na wote watatu wana ushahidi wao mkononi. Nikisema kweli, mahindi yanaliwa kesho. Nikinyamaza, ninarudishwa Maswa na mahindi yanachomwa. Akasema alilitazama lile gunia kama mtu anavyomtazama mtoto mgonjwa anayegombaniwa na waganga. Likiliwa, atalipigania tena. Likichomwa, basi.

Akainuka. Akachukua kikaango, akachota kwenye gunia vikonzi viwili, akavimwagia maji mbele yao. Maji yakawa mekundu. Akayamwagia kwenye bakuli, akamwagia mengine, yakawa ya waridi, halafu yakawa meupe. Mahindi yakabaki mahindi, meupe kama ya kila siku. Akaweka kikaango motoni akaanza kukaanga.

"Unafanya nini?" Mboje akauliza.

"Ninakula sumu yangu."

"Lukresia."

"Si mnataka kujua? Kaeni."

Wakakaa. Mahindi yalipoanza kubadilika rangi akayaepua, akapuliza, akatupa punje mdomoni akatafuna. Yalikuwa magumu, yalisikika uani kote. Akala kiganja kizima. Shida akasogea anyooshe mkono, Kabula akamvuta nyuma kwa gauni. Lukresia akala cha pili. Halafu akachovya kidole kwenye yale maji mekundu yaliyobaki kwenye bakuli, akalamba.

Josia akasogea. Na yeye akachovya, akalamba, akakunja uso kama mtoto aliyeng'ata ndimu. "Hii ni rozela," akasema.

"Ni rozela ya kando ya kisima," Lukresia akasema. "Mbegu ni ya shamba lenu wenyewe. Nimeipaka ili msiile. Na ili usiipandishe kwenye lori, baba Shida. Mwaka jana nilizunguka na bakuli kijiji kizima, wewe ulikuwa umekaa hapa unapuliza matairi ya baiskeli. Bariadi sikwenda. Siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba natoa jasho na ungo."

Mboje akachukua punje tatu za kukaanga akazitafuna. Kwanza akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu akaacha kucheka. Akaligeukia gunia.

"Kwa hiyo," akasema, "kuna debe zima la mahindi humu ndani, na mimi tangu unga wa ugali uishe, wiki ya tatu natafuna michembe."

Lukresia akaushika mdomo wa gunia. Ndicho alichokuwa anakingoja.

"Bwana shamba," Mboje akaendelea, "mvua hii unaionaje?"

"Imechelewa," Josia akasema. "Redio inasema ingojwe."

"Unaona? Huenda isije kabisa. Tule nusu, nusu ipandwe. Au tumpe Novatus, bei ya sasa ni nzuri kuliko ya wakati wowote, mvua ikija tununue pakiti ya kweli."

"Hilo ulilisema mwaka jana," Lukresia akasema.

Josia akafungua kalamu yake tena. "Basi hapa kwenye mbegu naandika debe moja."

"Usiandike," Lukresia na Kabula wakasema kwa pamoja, kisha wakatazamana, maana hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu kiangazi.

"Kwa nini, bibi? Nchi inataka kujua tu."

"Ikishajua huja kuchukua," Kabula akasema. "Mlihesabu ng'ombe, mkaja na kodi. Nchi ikitaka mbegu yetu, kwanza ije ipalilie."

Josia akacheka, akaandika anavyojua yeye, akasema mwadila, ile salamu ya jioni, ijapokuwa bado ilikuwa asubuhi, akapanda baiskeli yake. Lukresia anasema hakuona alichoandika. Mpaka leo anaamini kiliandikwa, na kwamba lori la Novatus lililopita siku ya pili yake halikupita bure.

Josia alipotoweka, Lukresia akalifunga gunia tena mafundo matatu, na Kabula akaliendea. Hakusema nisamehe, hakusema nilikosea. Alimchukua kuku wake aliyekufa kwa mkono mmoja akamtupia mwanawe miguuni. "Kamzike," akasema. Kwa mkono mwingine akashika mdomo wa gunia akaanza kuliburuta. "Hili linakwenda kwangu."

"Mayu, la nini kwako?" Lukresia akauliza.

"Kwangu hakuna mwanamume."

Akaliingiza, akafunga mlango.

Sasa wewe ungefikiri Lukresia alitulia. Hakutulia. Mtu aliyekuita muuaji asubuhi, mchana anachukua mbegu yako, unatuliaje? Usiku alisikiliza. Alfajiri akasikia jiwe la kusagia kule kwa bibi, likatulia, likasikika tena. Akasema, basi, imekwisha, anaisaga. Siku ya pili likasikika. Mchana akaona bibi anaanika unga mweupe kwenye ungo, na alipokaribia, bibi akaufunika kwa kanga.

"Unga wa nini, mayu?"

"Wa michembe. Njoo unuse kama huamini."

Akanusa. Ulikuwa wa michembe. Lakini akasema moyoni, kwa nini alifunika?

Siku zikapita nane, jua kali, mawingu yanakuja upande wa ziwa yanarudi. Macho ya bibi yakawa mekundu, anatembea kama mlevi, anajikwaa kwenye vizingiti alivyovizoea miaka arobaini. Lukresia akawaza ni njaa, kisha akawaza ni dhamira inamsumbua, maana mwizi halali.

Siku ya tisa, jua likiwa utosini, alikwenda kwa Kabula kuomba moto. Akasikia sauti ya Mboje ndani, akasimama nyuma ya ukuta.

"Kisado kimoja, mama. Kimoja tu. Hatajua."

"Nenda kwenye ng'ombe zako."

"Mimi ni mwanao au yeye?"

"Wewe ni mwanangu, ndiyo maana nakujua. Jana ulikuja alfajiri, juzi ulikuja usiku ukajifanya unatafuta tochi. Leo umekuja mchana. Ungelima kama unavyokuja hapa, tungekuwa na maghala."

"Lori liko kwa jirani sasa hivi."

"Liende salama."

"Unakaa juu ya mahindi na unakufa njaa, watu watatucheka."

"Nimekaa juu ya watoto tisa, mahindi yatanishinda?"

Lukresia akachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bibi alikuwa ameketi juu ya gunia lenyewe, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, fimbo ya kuchungia juu ya mapaja. Kichwa kilikuwa kinaanguka, anakiinua, kinaanguka, anakiinua. Kando yake lilikuwepo jiwe la kusagia, la kumfukuzia usingizi usiku. Mafundo ya kamba yalikuwa matatu, vile vile Lukresia alivyoyafunga mwenyewe. Mboje akatoka bila kumwona mkewe, akapiga teke kopo akaenda zake.

Lukresia akaingia. Akasema, "Mayu, lala kidogo, nitakaa mimi."

Kabula akaikaza ile fimbo mkononi. "Wewe utamwonea huruma," akasema. "Ni mumeo. Mimi ni mama yake, simwonei."

Siku ya kumi na moja mvua ikaja, kabla hakujapambazuka, ya kweli, ya kuzibua mifereji. Waliingia shambani udongo ungali unatitia. Mboje alipiga mashimo na jembe, bila maneno, mistari imenyooka kuliko miaka yote. Lukresia alidondosha punje mbili mbili akafukia kwa mguu. Kabula aliwafuata na gunia begani, akikataa mtu kumpokea, akimpimia Lukresia kiganja kwa kiganja, mpaka gunia likawa jepesi, mpaka likawa kitambaa tu. Mwisho wa shamba akaligeuza nje ndani akalikung'uta. Zikadondoka punje nne. Akainama akazifukia mwenyewe, ijapokuwa palikuwa hapana shimo.

Walirudi saa sita wameloa. Mboje alijitupa kwenye ngozi ya ng'ombe akakoroma na matope yake. Shida alikuwa amelala kwa jirani alikoachwa. Lukresia alikaa kwenye kizingiti akisikiliza mvua kwenye nyasi za paa, akasinzia pale pale, kichwa kwenye mwimo wa mlango.

Akashtuka kuguswa bega.

"Mama Shida," Kabula akasema. "Hakuna iliyobaki mahali?"

"Hakuna, mayu. Imeingia yote."

"Hata kiganja? Hukuficha?"

"Sikuficha."

Bibi akamtazama machoni kwa makini, jicho moja kisha la pili. Akatazama na kwenye upindo wa kanga ya mkamwana wake. Hapakuwa na kitu. Ndipo akakaa chini kando yake, akaegemea ukuta, akavuta kanga yake mpaka kidevuni, na kabla Lukresia hajamwambia aingie ndani, akawa amelala.